Risasi ya Herufi na Risasi ya Bunduki

(Hotuba iliyotolewa mbele ya viongozi wa makanisa na watetezi wa mageuzi)



Mlinitaka nizungumze juu ya historia ya mtambo wa kupiga chapa, nami nilipoupokea mwaliko wenu nilijiuliza: watu wanaopigania haki za raia wana haja gani ya kukaa alasiri nzima wakisikiliza habari za mashine? Jibu nililipata katika neno moja la lugha yetu. Kiswahili huyaita risasi yale madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo huyeyuka upesi motoni. Neno hilo hilo ndilo tulipalo kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Na kwa muda wa miaka mia tano hivi, herufi za kupigia chapa zilitengenezwa kwa risasi. Madini ni yale yale: mkono mmoja ukayamimina ili yaseme, na mkono mwingine ukayamimina ili yanyamazishe. Historia ninayotaka kuwasimulia leo ni historia ya mikono hiyo miwili.

Aghalabu tunapozungumza juu ya uhuru wa kusema, tunamtaja mwandishi. Tunamsifu akiandika, tunamlilia akifungwa, na hilo ni jambo la haki. Lakini kuna mtu mwingine ambaye hatumtaji, naye ni mpiga chapa. Huyo ndiye ninayetaka kumleta mbele yenu.

KAZI YA MAINZ

Wachina walikuwa wakichapa vitabu kwa mbao zilizochongwa zamani sana kabla ya Ulaya kulijua jambo hilo. Kitabu kimoja cha dini ya Kibuddha kilichopigwa chapa kwa njia hiyo mwaka 868 kingali kimehifadhiwa London. Karibu na mwaka 1040 fundi Mchina, Bi Sheng, alitengeneza herufi moja moja za udongo uliochomwa. Na huko Korea kitabu kilichapwa kwa herufi za madini mwaka 1377. Pwani yetu nayo haikuwa gizani. Wazee wa Pate, Lamu na Mombasa waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Utendi wa Tambuka una tarehe ya mwaka 1728. Lakini tenzi hizo zilienea kwa mkono wa mwenye kuzinakili, ukurasa baada ya ukurasa, na aliyetaka nakala ya pili alianza kazi upya.

Aliyeibadili hali hiyo huko Ulaya ni Johannes Gutenberg wa mji wa Mainz, Ujerumani, mtu aliyezijua kazi za sonara. Tuitazame kazi yake kwa makini. Kwanza herufi ilichongwa kwenye ncha ya chuma kigumu, ikiwa imegeuzwa kama ionekanavyo kiooni. Ncha hiyo iligongwa juu ya kipande cha shaba, ikaacha alama yake. Kipande hicho kilitiwa ndani ya kalibu ndogo ya kushikwa mkononi, kisha ikamiminwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Mara ikapoa, na herufi ikapatikana. Ikamiminwa tena, ikapatikana ya pili, iliyofanana na ya kwanza kwa kila hali. Risasi iliyeyuka kwa moto mdogo. Antimoni iliipa herufi ugumu. Na herufi iliyochakaa ilirudishwa chunguni ikazaliwa upya. Herufi zilipangwa mstari kwa mstari, zikafungwa pamoja, zikapakwa wino wenye mafuta, zikalazwa karatasi juu yake, na shinikizo lililofanana na lile la kukamulia zabibu likateremshwa kwa nguvu.

Kwa njia hiyo Biblia ya Kilatini ilikamilika karibu na mwaka 1455. Inakadiriwa kuwa zilichapwa nakala 180 hivi, na karibu 50 zipo hata leo, nyingine zikiwa pungufu. Lakini naomba mlikumbuke jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Gutenberg hakuwa tajiri. Alikopa fedha kwa Johann Fust ili anunue vifaa na kuwalipa mafundi, na mwaka ule ule wa 1455 Fust alimshtaki mahakamani akidai chake. Gutenberg akapoteza sehemu kubwa ya vifaa vyake. Mtu aliyeupa ulimwengu mtambo alinyang'anywa mtambo.

Hapo ndipo tunapopata somo la kwanza. Mwandishi akikimbia, hukimbia na akili yake na kalamu yake. Mpiga chapa hawezi kukimbia na mashine. Mtambo ni mzito, una kelele, umefungwa sakafuni, na mara nyingi umenunuliwa kwa mkopo. Kila mtawala aliyetaka kuwanyamazisha watu wengi kwa mara moja aliligundua jambo hilo mapema.

INJILI NDANI YA MAROBOTA YA NGUO

Ninyi waumini mnayo sababu ya pekee ya kuujua mfano wa Mwingereza William Tyndale. Yeye alitaka mkulima wa kwao aisome Injili kwa lugha yake mwenyewe, jambo ambalo wakati huo halikuruhusiwa Uingereza bila kibali cha askofu. Alipokosa kibali alivuka bahari, na mwaka 1525 akaanza kuchapisha Agano Jipya katika mji wa Köln. Msiri wake hakumsaliti. Waliomponza ni wafanyakazi wa kiwanda. Adui yake mmoja, Johannes Cochlaeus, aliwakaribisha wapiga chapa hao divai, na ndimi zao zilipolegea wakasema wanachokichapa. Tyndale alipata habari, akazikusanya karatasi zilizokwisha kuchapwa, akatoroka kwa mashua katika mto Rhine hadi mji wa Worms. Huko, mwaka 1526, Agano Jipya likakamilika katika kiwanda cha Peter Schöffer, mwana wa yule Schöffer aliyefanya kazi pamoja na Gutenberg.

Vitabu hivyo vidogo viliingizwa Uingereza ndani ya marobota ya nguo. Askofu wa London, Cuthbert Tunstall, aliamuru vichomwe moto hadharani. Mwandishi wa tarikh ya zama hizo anasimulia kwamba askofu huyo alimtumia mfanyabiashara mmoja anunue nakala zote zilizobaki ng'ambo ili ziteketezwe. Mfanyabiashara akazinunua kwa Tyndale mwenyewe, na Tyndale akazitumia fedha za askofu kulipia chapa mpya iliyosahihishwa. Tyndale alikamatwa, akanyongwa na mwili wake ukachomwa karibu na Brussels mwaka 1536. Miaka miwili baadaye, mwaka 1538, serikali ile ile ya Uingereza iliagiza kila parokia iwe na Biblia kubwa ya Kiingereza, na sehemu nyingi za Biblia hiyo zilitokana na kazi ya mtu waliyemwinda. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee; lakini tukubali kwamba njia ya ukweli nayo hupita penye moto.

Watawala walijifunza. Kuchoma vitabu ni kazi isiyokwisha. Ni rahisi zaidi kumfunga kamba mwenye mtambo. Mwaka 1637 mahakama ya mfalme wa Uingereza ilitoa amri kwamba katika London wawepo wapiga chapa wakuu 20 tu, na kila mmoja aweke dhamana ya pauni 300 kwamba hatachapa kitabu kisicho na kibali. Liwekeni moyoni neno hilo, dhamana, kwa maana tutakutana nalo tena huku kwetu. Sheria ya vibali iliyofuata mwaka 1662 iliachwa ikafa mwaka 1695, na magazeti ya nchi hiyo yakaanza kumea kama nyasi baada ya mvua.

Sitawachosha kwa habari za kila mashine iliyofuata. Tarehe 29 Novemba 1814 gazeti la The Times la London lilichapwa usiku kwa mtambo wa mvuke wa Friedrich Koenig, karatasi 1,100 kwa saa, kwa siri, kwa kuwa wafanyakazi waliohofia kazi zao walikuwa tayari kuuvunja. Mwaka 1886 mashine ya Ottmar Mergenthaler ilianza kumimina mstari mzima wa risasi kwa kubonyeza vibonye. Senefelder wa Ujerumani alikuwa amekwisha kugundua, mwishoni mwa karne ya 18, kwamba mafuta na maji havipatani, na kwamba picha na herufi zaweza kuchapwa kutoka katika jiwe tambarare. Kutokana na wazo hilo karne ya 20 ilipata uchapaji wa ofseti, ambao mwishowe uliifukuza risasi kutoka viwandani. Kila hatua iliongeza wingi na upesi. Lakini kila hatua pia iliufanya mtambo uwe mkubwa zaidi, wa ghali zaidi, na rahisi zaidi kuonwa na polisi.

MTAMBO UNAFIKA KWETU

Mtambo ulifika pwani ya Afrika Mashariki kwa milango miwili. Mmoja ulikuwa wa misheni. Edward Steere, aliyekuja Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alichapa hapo mafunzo na tafsiri za Kiswahili, na vijana waliookolewa katika utumwa wakafundishwa kupanga herufi. Mwaka 1888 misheni hiyo ilianza kuchapa jarida la Kiswahili, Msimulizi. Mlango wa pili ulikuwa wa Sultani Barghash, ambaye karibu na mwaka 1880 alianzisha kiwanda chake Unguja na kuchapa vitabu vya sheria na dini kwa Kiarabu. Basi asituambie mtu kwamba chapa ni mali ya dini moja au ya kabila moja.

Huku Kenya, gazeti la African Standard lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara Mhindi. Mwaka 1905 likauzwa, likawa East African Standard na sauti ya walowezi. Lakini kuna jambo ambalo walowezi hawakulifikiria. Gazeti halijipangi lenyewe, lahitaji mikono. Kijana mmoja aliyeajiriwa kupanga herufi katika gazeti lao jingine, The Leader, aliitwa Harry Thuku. Alilipwa ili apange maneno ya watu waliotaka ardhi ya wazazi wake. Kila herufi ilipita vidoleni mwake, naye aliisoma kabla ya bwana wake kuisoma.

Mwaka 1921 Thuku, akiwa sasa kiongozi wa vijana wa Nairobi, alihitaji kuwaeleza watu juu ya kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Hakuwa na mtambo. Aliyemfungulia mlango ni Manilal Ambalal Desai, mhariri wa East African Chronicle, ambaye katika mtambo wake lilichapwa Tangazo la Thuku. Tarehe 14 Machi 1922 Thuku alikamatwa. Tarehe 16 umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe, na risasi zikafyatuliwa. Serikali ilikiri vifo 21. Wengine walisema waliokufa walikuwa zaidi. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu, na gazeti la Desai likafa mwaka ule ule. Risasi ya herufi iliitoa sauti, na risasi ya bunduki ikajibu.

Baada yake walikuja wengine. Mwezi Mei 1928 chama cha KCA kilianzisha Muigwithania, mhariri wake akiwa Johnstone Kenyatta. Mwaka 1933 Girdhari Lal Vidyarthi alianzisha Colonial Times, na kiwanda chake kikachapa pia magazeti ya Waafrika ambayo wenye viwanda wengine waliyaogopa. Katika miaka ya 1940 alitozwa faini na kufungwa kwa kosa la uchochezi. Mwaka 1945 Henry Muoria, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alianzisha Mumenyereri, ambalo lilifikia kuchapwa nakala zipatazo 10,000, na hatimaye akanunua mtambo wake mwenyewe. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Muoria alikuwa London. Mkewe, Judith Nyamurwa, alikuwa ameliendeleza gazeti hadi lilipopigwa marufuku pamoja na magazeti mengine ya lugha zetu. Muoria aliishi uhamishoni hadi alipofariki London mwaka 1997.

Tazameni majina hayo: Mkikuyu kwa Mhindi, Mhindi kwa Mkikuyu. Wakati wakoloni walipokuwa wakitutenga katika mitaa, shule na hospitali, chumba cha mtambo kilikuwa mahali ambapo mikono ya rangi mbili ilishika wino mmoja.

MASHINE YA KURUDUFU

Sasa niwarudishe katika chombo ambacho wengi wenu mmekishika kwa mikono yenu. Mwaka 1881 David Gestetner, mzaliwa wa Hungaria aliyehamia London, alipata hati ya kalamu ya gurudumu iliyotoboa karatasi yenye nta. Kutokana na wazo hilo ikaja mashine ya kurudufu, au saiklostaili kama tulivyozoea kuiita. Unaondoa utepe katika taipureta, unapiga herufi juu ya karatasi ya stensili, na kila herufi inaikata nta. Ukikosea unapaka dawa nyekundu, unangoja ikauke, unapiga tena. Stensili inavikwa kwenye pipa lenye wino, unazungusha mkono, na wino unapenya penye herufi tu.

Mashine hiyo haikuwa na uzuri wa Mainz. Wino ulichafua vidole, na nakala ya mia tatu ilisomwa kwa kukisia. Lakini ilikuwa na sifa ambayo Gutenberg hakuwa nayo: watu wawili waliweza kuibeba. Kila shule ilikuwa nayo kwa ajili ya mitihani, na kila parokia kwa ajili ya matangazo ya Jumapili. Kwa mara ya kwanza mtambo ulitoka kiwandani ukaingia ofisini mwa karani wa kanisa.

Ndiyo maana serikali zenye hofu zilianza kuogopa hata taipureta. Nchini Romania, mwaka 1983, ilitolewa amri kwamba kila mwenye taipureta aiandikishe polisi, pamoja na sampuli ya herufi zake. Nasi tusiwacheke Waromania. Hapa kwetu, miaka ya 1986 na 1987, wananchi walifikishwa mahakamani mmoja mmoja kwa ajili ya vijikaratasi vya Mwakenya, na wako waliofungwa kwa sababu tu vilipatikana mikononi mwao, au kwa sababu walijua habari zake wasitoe taarifa.

Mwaka 1992 mimi nilikuwa kijana wa kuzungusha mkono wa mashine hiyo. Tulirudufu usiku maelezo ya haki za mpiga kura, katika chumba kidogo nyuma ya sakristia, blanketi likiwa limetundikwa dirishani. Mama mmoja aliyekuwa karani ndiye aliyepiga stensili. Sikuwahi kumwona akikosea herufi ila usiku ule gari liliposimama nje. Tulizima taa. Gari likaondoka. Alipowasha taa alipaka dawa nyekundu, akapuliza, akaendelea na kazi kana kwamba amepiga chafya tu.

Maelezo yale yalipendwa, na tukataka yawe kijitabu cha nakala elfu tano. Tulikwenda kwa mwenye kiwanda mmoja mjini. Alitupokea kwa heshima, akasoma karatasi zetu zote, kisha akatuongoza ndani akatuonyesha mashine zake tatu. Akatuambia, "Wanangu, maneno yenu ni ya kweli. Lakini ninyi mkinyang'anywa haya mtaandika mengine kesho. Mimi mashine nitazipata wapi? Na hawa watu kumi na wawili watakula nini?" Tulitoka tumekasirika. Njiani nilimwita mwoga, na maneno mengine ambayo hayafai mbele yenu.

Mwaka uliofuata nilijuta. Mwaka 1993 polisi waliingia katika kiwanda cha Fotoform jijini Nairobi, kilichochapa majarida yaliyoikosoa serikali, likiwemo Finance, na wakazifanya mashine zisiweze kufanya kazi. Sheria ya vyama vingi ilikuwa imekwisha kupita Desemba 1991. Uchaguzi ulikuwa umekwisha kufanyika. Wananchi walikuwa na kura, lakini mwenye mtambo hakuwa na ulinzi. Nilimkumbuka yule mzee, nikaelewa kwamba tulikuwa tumemwomba aweke rehani nyumba yake kwa ajili ya maneno yetu, nasi hatukumwahidi hata nauli ya kwenda mahakamani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

SHERIA YA KARATASI

Msidhani kwamba nyundo ndiyo silaha ya pekee. Kuna silaha ya kimya zaidi, nayo ni fomu. Mwezi Machi 1988, baada ya uchaguzi wa mlolongo, jarida la Beyond la Baraza la Kitaifa la Makanisa lilieleza jinsi kura zilivyoibwa mchana kweupe. Likapigwa marufuku. Lakini mhariri wake, Bedan Mbugua, hakushtakiwa kwa kusema uongo. Alihukumiwa kifungo cha miezi tisa kwa kosa la kutowasilisha taarifa za mauzo ya jarida kama sheria ya vitabu na magazeti ilivyotaka.

Sheria hiyo ya mwaka 1960, tuliyorithi kutoka kwa mkoloni, ilidai mchapishaji wa gazeti aweke dhamana ya shilingi 10,000. Mwaka 2002, miaka kumi na moja baada ya mfumo wa chama kimoja kuondolewa, Bunge liliipandisha dhamana hiyo hadi shilingi 1,000,000. Hii ndiyo pauni 300 ya London ya mwaka 1637, imevuka bahari na miaka zaidi ya mia tatu na sitini. Dhamana kama hiyo haimzuii tajiri mwongo. Humzuia maskini mkweli.

Na mtu asiseme kwamba mambo hayo yaliisha na utawala uliokuwako. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 2006, chini ya serikali tuliyoiimbia nyimbo mwaka 2002, polisi waliofunika nyuso walivamia kiwanda cha gazeti la The Standard, wakauharibu mtambo na kuchoma makumi ya maelfu ya magazeti. Katiba ya mwaka 2010 imeuandika uhuru wa vyombo vya habari katika kifungu cha 34, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Hata hivyo, tarehe 30 Januari 2018 vituo vikubwa vya televisheni vilizimwa, na tarehe 25 Juni 2025 vikaamriwa visirushe maandamano moja kwa moja, mpaka mahakama ilipoisimamisha amri hiyo. Mtambo umebadilika umbo, lakini mkono unaoutafuta ni ule ule.

UPANDE WA PILI WA HERUFI

Ningekuwa mwongo kama ningewaambia kwamba chapa imezaa mema tu. Mtambo uliochapa Biblia ulichapa pia, kabla ya karne ile ya 15 kwisha, kitabu cha kuwawinda wachawi kilichowapeleka wanawake wengi motoni. Nchini Rwanda jarida la Kangura lilichapa chuki kuanzia mwaka 1990, na mhariri wake akahukumiwa na mahakama ya kimataifa mwaka 2003. Sisi wenyewe tunavikumbuka vijikaratasi vilivyorushwa usiku milangoni mwa watu katika Bonde la Ufa, vikiwaamuru wahame. Navyo vilirudufiwa, pengine kwa mashine kama ile yetu.

Tofauti basi iko wapi kati ya kijikaratasi chetu na chao, ikiwa vyote viwili havikuwa na jina? Nimelitafakari swali hili kwa miaka mingi. Tyndale naye hakutia jina lake katika Agano Jipya la mwaka 1526. Nadhani jibu ni hili: aliyeficha jina kwa kuwa mwenye nguvu anamwinda si sawa na aliyeficha jina ili amwinde mnyonge. Wa kwanza anatamani siku atakayoweza kutia sahihi. Wa pili anaiogopa siku hiyo. Kwa hiyo, maadamu leo tunayo katiba inayotulinda kuliko zamani, tuzoee kutia majina yetu chini ya maneno yetu. Kila aliye na simu mkononi ni mpiga chapa. Akituma uongo kwa watu mia mbili, amezungusha mkono wa mashine mara mia mbili, wala asiseme kwamba yeye si mwandishi.

YATUPASAYO

Nawaombeni mambo matatu, nami nimalize.

La kwanza, tumlinde mpiga chapa. Kikundi kikitaka kuchapisha jambo zito, kiende kwa mwenye kiwanda na wakili pamoja, wala kisiende na maneno matupu. Kimlipe kwa wakati. Na akiitwa kituoni, tujae katika ua wa kituo kama tunavyojaa mwandishi anapoitwa.

La pili, tuzisome sheria ndogo. Katiba hutangazwa kwa ngoma. Lakini dhamana, leseni, ada na fomu hupitishwa kimya kimya katika kikao kilichobaki na wabunge wachache. Vijana wetu wanasheria wawe na zamu ya kuzitazama.

La tatu, tuyahifadhi maandishi yetu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika makabati ya parokia zetu kuna barua za kichungaji, matangazo na maelezo ya wapiga kura yaliyorudufiwa miaka ile. Karatasi yake ilikuwa ya bei rahisi, inageuka rangi na kukatika. Risasi ya bunduki ilipochimba ukuta, shimo lake laonekana hata leo. Lakini wino wa stensili hufifia bila kishindo. Kabla ya mwaka huu kwisha, kila parokia iliyowakilishwa hapa ifungue kabati lake, iorodheshe kilichomo, ikipige picha na ikiweke mahali pakavu.

Yule mama karani amekwisha kustaafu. Nilipomtembelea alinionyesha bahasha aliyoitunza miaka yote hii chini ya godoro: stensili mbili za usiku ule, zimekunjwa, na alama ya dawa nyekundu ingalipo penye herufi aliyoikosea gari liliposimama. Nilimwomba aniachie nizihifadhi. Akakataa. Akaniambia atazileta mwenyewe, kwa mkono wake, siku kanisa litakapokuwa na kabati lenye kufuli.

Bwana Mwenyekiti, naomba tuanze na kabati hilo.